Kwa Mama Feliksi Hapajafungwa

Bangwe, Kigoma
3 Februari 2025

Mdogo wangu Oswald,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini nimeitikia kabisa ili tusipoteze karatasi.

Huku tupo. Mguu wangu wa kushoto unauma kila mvua inapotaka kunyesha, na mwaka huu mvua inataka kunyesha kila siku. Kaburi la baba tumelisakafia, limependeza. Melania, yule binti wa Kalinzi anayenisaidia jikoni, ameposwa na fundi pikipiki, na tangu aposwe chumvi anatia mara mbili. Wifi yangu Esther msalimie sana, mwambie kanga zimefika, ila moja imechuja.

Umeshangaa kukuta barua ndani ya mfuko wa dagaa. Nimeamua kuandika kwa sababu Jumapili ulinikatia simu. Usiniambie mtandao. Mtandao gani unakatika pale pale mtu anapotaja jina la Feliksi? Karatasi haina kitufe cha kukatia, utanisoma mpaka mwisho.

Haya, sikia. Wiki iliyopita Yona wa bodaboda aliniletea hapa mgahawani kijana mmoja wa miradi ya maji, katokea Mwanza. Kakaa mezani na simu yake, ananitazama, anatazama simu, ananitazama tena. Nikamuuliza, baba, kuna nini usoni mwangu? Akasema, "Mama, hapa ndipo kwa Honorata?" Nikamwambia Honorata ni mimi. Akanigeuzia simu. Nikaona samaki wangu, migebuka, ile picha uliyoipiga mwezi wa nane ulipokuja likizo ukaniweka kwenye ramani ya mtandaoni. Na chini yake maandishi mekundu: Imefungwa kabisa. Jamani! Mawese yanachemka, watu wamejaa, Melania anaimba, na simu inasema nimefungwa kabisa. Mimi nilidhani mtu hufungwa kabisa akiwekwa kule alikolala baba.

Usianze kunieleza habari ya wateja. Wateja ninao. Ninachokitafuta unakijua vizuri. Feliksi aliondoka na boti ya mizigo kwenda Mpulungu, kule mwisho wa ziwa, kabla maji hayajapanda. Anajua mama yake yuko mwaloni Ujiji, pale wavuvi wanaposhushia samaki. Ziwa lilivyopanda lilichukua nyumba nikahamia huku Bangwe, likachukua na simu. Laini ilikuwa imesajiliwa kwa jina la marehemu baba yake, wakakataa kuirudisha, na namba ya Feliksi ilikuwa humo humo. Mwanangu hana pa kunipata, nami sina pa kumpata. Kama si hivyo ningekubali kuwekwa kwenye ramani kwa lipi, mimi nisiyejua hata kupiga picha? Nilisema vijana wa siku hizi wakipotelewa na kitu wanakitafuta kwenye simu. Sasa anitafute akute nimefungwa kabisa?

Wewe ndiye uliyeniweka humo. Kanifungue.

Ni mimi dada yako, niliye wazi tangu saa kumi na mbili asubuhi,
Honorata


Dodoma
24 Februari 2025

Dada mpendwa,

Shikamoo. Tunamshukuru Mungu sisi wazima. Dagaa wamefika, ahsante sana, ingawa mfuko ulipasukia ofisini kwenye kabati na sasa idara nzima inajua mimi ni mtu wa Kigoma. Mwanangu Samson amevunja miwani nyingine. Esther anasema ile kanga iloweke kwenye maji ya chumvi. Mimi presha inapanda na kushuka, daktari ameniambia nisikasirike.

YAH: MGAHAWA KUONYESHWA KUWA UMEFUNGWA

Rejea barua yako ya tarehe 3. Nimelishughulikia. Kwanza nilitafuta namba ya simu ya hao watu wa ramani. Hawana. Kuna kisanduku cha kuandikia tu, na anayejibu si binadamu. Nikaandika: "Mgahawa wa dada yangu haujafungwa." Akajibu: "Pole kwa kufunga biashara yako. Hizi hapa hatua za kuondoa ukurasa." Nikaandika HAUJAFUNGWA kwa herufi kubwa. Akajibu: "Nimekuelewa. Je, ungependa kuanzisha biashara mpya?" Na kila anapomaliza upuuzi wake anauliza: Je, tatizo lako limetatuliwa? Ndiyo. Hapana. Nimebonyeza Hapana mpaka kidole kinaota sugu.

Baada ya wiki mbili ikaja barua pepe. Wanasema sikuwahi kumaliza kuthibitisha kwamba mgahawa ni wako. Ni kweli, siku ile umeme ulikatika, nikasema nitamalizia Dodoma. Hivyo kwa macho yao ule ukurasa hauna mwenyewe, na mpita njia yeyote akisema pamefungwa wanamwamini. Wanataka picha ya kibao cha kudumu chenye jina la mgahawa, kionekane pamoja na jengo na barabara. Karatasi iliyobandikwa kwa gundi hawaitaki.

Tafadhali tengeneza kibao, Yona apige picha anitumie.

Mengine uliyoyaandika nimeyasoma.

Ndimi mdogo wako,
Oswald


Bangwe
19 Machi 2025

Mdogo wangu,

Mwakeye! Nakusalimu kwa Kiha nione kama bado kimo kinywani, maana barua yako ilikuwa na Yah. Yah! Mimi nimekuwa halmashauri? Nilipoisoma kwa sauti Melania aliuliza kama tunadaiwa ushuru.

Mguu vilevile. Mzee Bonifasi anayeniletea samaki ana malaria, nimempelekea uji. Kanga nimeiloweka kwenye chumvi kama alivyosema wifi, sasa imechuja yote, angalau imelingana.

Kibao tayari. Fundi kakipaka bluu, maandishi ya njano: KWA MAMA FELIKSI. Chini kaandika migebuka, kuhe, dagaa, wali, ugali wa muhogo. Kachora na samaki mwenye kope. Nikamuuliza, wewe, samaki gani ana kope? Akasema, mama, huo ni urembo. Nimemwacha na urembo wake. Yona kapiga picha, utakuwa umeipata.

Sasa nimejua kwa nini wametufunga. Yona ndiye aliyechunguza. Wageni wakishuka stesheni wanamwonyesha dereva simu, "tupeleke kwa Honorata." Nani Kigoma hii anamjua Honorata? Mnanijua wewe, padri na watu wa umeme, basi. Kwa hiyo wanapelekwa mtaa wa Mwanga, kwa Honorata mshona nguo. Watu wameshuka na njaa zao wanakuta vyerehani! Maskini yule mama alishafika mahali pa kuwapikia chai kwa huruma. Wakitoka pale wanaandika kwenye simu kwamba mgahawa haupo. Wamesema hatupo, na simu imekubali.

Ninakuuliza, Oswald, na sikuulizi kwa ugomvi. Nimekuwa Mama Feliksi tangu nijifungue. Marehemu mume wangu aliniita hivyo mpaka anakata roho. Wewe mwenyewe ukiwa shule ya msingi ulikuwa unapita jikoni unasema, Mama Feliksi, kuna kiporo? Ilikuwaje siku ile ukaandika Honorata?

Kama ni kile kikao cha ukoo, sema. Najua mtoto aliacha chuo cha ualimu ulichomlipia, akaenda kuchafuka na injini za boti. Najua iliuma. Ukamwambia mbele ya wote asikuite tena mjomba, na yeye kwa kiburi chake cha baba yake akaitikia sawa, na kabla ya Jumapili akawa amepanda boti. Hayo ni yenu. Lakini jina langu halikuacha chuo.

Jibu bila Yah.

Dada yako,
Mama Feliksi


Dodoma
14 Aprili 2025

Dada,

Shikamoo. Poleni na mvua, huku ni vumbi. Esther alikuwa na mafua, amepona. Samson kapata miwani ya tatu. Mzee Bonifasi mpe pole.

Picha niliituma siku ile ile, samaki na kope zake. Wameikataa. Wanasema jina la kwenye kibao halilingani na jina la kwenye ukurasa. Nikaomba kubadili jina la ukurasa. Wakasema anayeruhusiwa kubadili jina ni mwenye biashara aliyethibitishwa. Nikasema haya, nithibitisheni. Wakasema anathibitishwa yule ambaye jina la kibao chake linalingana na la ukurasa. Dada, nimeisoma ile barua pepe nikitafuta pa kutokea, nikajikuta nimerudi nilikoanzia. Nikabonyeza Hapana. Yule msaidizi asiye mtu akaniandikia: "Tunafurahi kusikia hivyo!"

Nimepiga meza. Karani mwenzangu ameniletea maji.

Sasa kuna njia mbili. Ya kwanza ni rahisi: mwambie fundi apake rangi juu ya Mama Feliksi, aandike Honorata, tupige picha, wakishatuthibitisha arudishe. Ni wiki moja tu.

Ya pili ni video. Uanzie barabarani, uonyeshe kibao, uingie mpaka jikoni bila kukata, halafu ufungue mlango kwa ufunguo wako mwenyewe, waone kwamba wewe ndiye mwenye mahali. Ila hata hiyo wanaweza kuigomea kwa sababu ya jina. Nakushauri ya kwanza.

Umeuliza kwa nini niliandika Honorata. Niliandika jina lililo kwenye kitambulisho. Serikali inakujua kwa jina hilo. Hakuna jingine.

Mdogo wako,
Oswald


Bangwe
17 Mei 2025

Oswald,

Salamu zako nimepokea. Leo nazirudisha kwa ufupi kwa sababu nina hasira, na nimesubiri zipungue, hazipungui.

Kwanza, kibao sifuti. Siku moja, wiki moja, hata saa moja sifuti. Siku nitakayolifuta jina ndiyo siku mwanangu atakayopita. Usinishauri tena.

Pili, video tumefanya. Mlango! Oswald, umekula hapa kwangu mwezi mzima, uliona mlango? Nina nguzo, bati, na ukuta wa kufika kiunoni upande wa barabara. Upande wa ziwa hakuna kitu, watu wanakula wakitazama maji. Jioni sufuria nabeba, mafiga naacha, nani ataiba mafiga? Ikabidi Yona akaazime kufuli, tukalitia kwenye kasha la mkaa, nami nikalifungua mbele ya simu kama meneja wa benki. Mara ya kwanza bando likaisha. Mara ya pili mbuzi wa jirani akaingia. Mara ya tatu Mzee Bonifasi akapita katikati na samaki begani anapiga kelele, "Mama Feliksi, leo wakubwa!" Nikamwambia Yona acha hivyo hivyo, huo nao ni ushahidi. Akaituma.

Wakati inapanda mtandaoni, Yona akafungua pale watu wanapoandika maoni juu ya mahali. Kuna ya yule mwalimu aliyesifu samaki aina ya kuhe. Kuna ya mama aliyelalamikia nzi. Halafu kuna ya Novemba mwaka jana, nyota tano, mtu anajiita Fundi Injini. Nimemwambia Yona aniandikie pembeni nikunakilie neno kwa neno: "Mwenye hapa aliwahi kupikia mwaloni Ujiji? Kama ni yeye, bado anaweka ukoko wa wali pembeni? Naomba kujibiwa."

Ukoko, Oswald! Mteja gani amewahi kupewa ukoko kwangu? Ukoko nilikuwa naukwangua namwekea mtu mmoja duniani, kwenye kifuniko cha sufuria, tangu hajamaliza kuota meno. Nilikaa chini pale pale kwenye kasha la mkaa. Melania alifikiri ni mguu.

Naomba kujibiwa, kasema. Hakujibiwa na mtu. Halafu Januari mahali penyewe pakafungwa kabisa. Mtoto aliyeuliza swali kama lile, akirudi kutazama jibu akakuta hivyo, atafikiri nini? Atafikiri nimekufa. Sasa hivi ninavyoandika, huko aliko, mwanangu ana msiba wangu.

Yona alijaribu kumjibu kwa simu yake. Imekataa. Mahali palipofungwa hapapokei maoni, na anayeruhusiwa kujibu ni mwenye mahali tu. Mwenye mahali ni mimi, na siwezi kujibu!

Sasa la mwisho. Yona anasema mtu akiandika maoni, taarifa inakwenda kwenye barua pepe iliyofungulia ukurasa. Barua pepe hiyo ni ya nani? Nijibu hilo kwanza. Habari za miwani ya Samson nitazisoma baadaye.

Dada yako


Bangwe
23 Juni 2025

Oswald,

Kimya.

Nimempigia wifi Esther. Amesema barua ilifika, uliisoma umesimama, ukaikunja ukaitia mfuko wa koti, na tangu hapo koti hutaki lifuliwe. Basi vizuri. Sitaki unieleze kwa nini ulinyamaza Novemba. Ukieleza nitakasirika zaidi, na hasira niliyonayo inanitosha mimi na jirani.

Nataka kumjibu mwanangu. Video waliikubali au waliikataa? Andika hata mstari mmoja. Dagaa situmi.

H.


Dodoma
20 Julai 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Na nyingine ya Mei, shikamoo.

Tupo wazima. Sikuandika kwa sababu sikuwa na la kukuambia ambalo lingekufaa. Video waliikataa. Walisema kasha la mkaa si jengo. Niliwaeleza kwamba jikoni kwako hakuna mlango, wakanitumia maelezo ya jinsi ya kurekodi mlango. Halafu mwisho wa Juni wakaandika kwamba kwa kuwa hawajasikia kutoka kwangu, ilhali nimewaandikia siku hiyo hiyo asubuhi, suala langu limefungwa. Nalo suala limefungwa kabisa, dada. Nilicheka peke yangu ofisini mpaka mkuu wa idara akaja kunichungulia.

Jioni ile niliwaandikia bila adabu. Sikuandika mheshimiwa, sikuandika tafadhali. Niliandika kwamba kuna mtu anamtafuta mama yake kwenye ramani yenu na nyinyi mmemwambia hayupo, nipeni binadamu nizungumze naye, hata kama ni mlinzi wa getini.

Jumanne iliyopita tuko kwenye kikao, simu ikalia, namba siijui. Nikatoka kwenye korido. Mwanamke, anaongea Kiswahili cha nyumbani kabisa, anaitwa Eufrasia. Akasema amepewa faili langu na amelisoma lote, na pole. Dada, ile pole ya mtu ilinifanya nikae chini kwenye benchi.

Akaniuliza, "Kaka, kitambulisho kinasema Honorata, kibao kinasema Mama Feliksi. Ni watu wawili?" Nikamwambia ni mmoja, kwetu mwanamke akishazaa anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza, jina lake la ubatizo linabaki kanisani. Akacheka. Akasema, "Mama yangu mimi yuko Kasulu, mtaa mzima wanamwita Mama Eufrasia. Jina lake nililijua nilipokwenda kumfuatilia cheti." Nikasikia anabonyeza bonyeza.

Halafu akauliza, "Na huyo Feliksi ni nani kwako?"

Nikasema, "Ni mpwa wangu. Mimi ni mjomba wake."

"Yeye anaweza kutuma picha yoyote ya zamani ya mgahawa?"

Nikasema hatujui aliko. Watu wanapita na mafaili, wananisalimia, nami nimeshika simu siwezi kuitikia. Yule dada hakunikatia. Baadaye akasema tu, "Subiri hapo hapo kwenye simu, usikate." Sikukata.

Fungua simu ya Yona utazame. Kwa Mama Feliksi, Bangwe. Imefunguliwa.

Uliuliza habari ya Novemba. Taarifa niliiona. Kila ninachojaribu kuandika baada ya hapo nakifuta, kwa hiyo nimeacha hivyo.

Neno la siri nimemtumia Yona. Pale pa kumjibu Fundi Injini sikugusa. Ni pako.

Mdogo wako,
Oswald


Bangwe
9 Septemba 2025

Mdogo wangu Oswald,

Marahaba zote mbili. Na dagaa hao hapo, nimewafunga mifuko miwili wasikuaibishe tena.

Melania kaolewa, na bado anakuja kazini. Mzee Bonifasi mzima, analalamika. Mguu hauumi, mvua hazipo. Yona alikuwa ananikwepa, na nitakuambia kwa nini.

Barua yako ilipofika nilimwita hapo hapo, nikamwambia andika ninavyosema, usiongeze kitu. Tukaandika: "Ni yeye. Yupo hai. Maji yalichukua Ujiji, amehamia Bangwe. Ukoko upo." Yona akataka kuweka maua na mioyo. Nikamwambia weka hayo kwa mchumba wako.

Basi nikasubiri. Agosti yote kimya. Kila pikipiki ya Yona inapopita namsimamisha, kajibu? Hajajibu, mama. Umetazama vizuri? Nimetazama. Mpaka akawa anapitia barabara ya juu. Mimi kila siku nakwangua ukoko naweka kwenye kifuniko, na kila siku jioni Melania anaula. Niliwachukia hao watu wa ramani, nikakuchukia na wewe kidogo, nakuambia ukweli. Nilisema wametufungulia tumechelewa.

Alhamisi iliyopita, mchana, pamejaa. Meli ya mizigo ilikuwa imetia nanga, watu hawana pa kukaa. Mimi nipo jikoni, upawa mkononi, moshi machoni. Yona yuko kwenye benchi anakula. Simu yake ikalia ting. Akaitazama, akaacha kula. Nikamwambia, wewe, samaki ana mwiba? Akasema, "Mama, kuna maoni mapya." Nikasema soma. Akasema, "Ni nyota tatu." Nikasema soma, Yona!

Akasoma: "Samaki mzuri. Chumvi imezidi. Ukoko sijaletewa. Niko meza ya upande wa ziwa."

Oswald. Niligeuka na upawa wangu. Unajua ule upande hauna ukuta, jua la mchana linapiga kwenye maji, mtu akikaa pale unaona kivuli tu. Nikaona kivuli cha marehemu mume wangu kimekaa kimeinamia simu, mabega yale yale, na ndevu. Kakonda. Mikono ina mafuta ya injini mpaka kwenye kucha. Alikuwa amekaa pale saa nzima, Melania kamhudumia, kampa na maji ya kunawa, wala hakujua ni nani.

Sikulia. Nilikwenda mpaka mezani pake, nikamwambia, "Nyota tatu? Mimi?" Akasimama. Akasema, "Mama, chumvi." Ndipo nikalia, mbele ya wateja wote, na upawa unadondosha mchuzi kwenye shati lake.

Alikuwa ameomboleza, kama nilivyosema. Tangu Januari. Alikwenda kanisani kule Mpulungu akaniombea misa, jina langu likasomwa na wafu. Nimemwambia hiyo misa isipotee, ataihesabu nikifa kweli. Siku alipoona jibu letu alikuwa chini ya injini, alipanda boti ya kwanza iliyokuwa inakuja huku, hata nguo za kubadilisha hakuchukua.

Kapita barabarani, kaona kibao. Kasimama mbele yake. Kaniambia yule samaki mwenye kope amemchekesha, kisha akasoma jina lililo juu yake akashindwa kuingia, akazunguka kwa upande wa ziwa.

Kaniuliza ni nani aliyebadilisha jina kwenye ramani, maana mwanzo lilikuwa jingine. Nimemwambia ni mjomba wako. Kaomba wali mwingine. Sikumsukuma. Lakini jana mteja mmoja alimuuliza kama ana ndugu nje ya Kigoma, nami nilikuwa nimeinama nyuma ya kasha la mkaa, nikamsikia kwa masikio yangu: "Mjomba wangu yuko Dodoma." Kasema mjomba, Oswald. Kalisema kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani, lakini kalisema. Desemba chukua likizo, njoo na Esther na Samson na miwani yake, mkae wenyewe mzungumze. Mimi sitabeba maneno ya mtu hapa.

Jambo moja limebaki. Zile nyota tatu bado zipo, kila mgeni anaziona, na mwenyewe amekataa kuziongeza, eti anasema ukweli wake. Chumvi alitia Melania, si mimi! Mtafute yule dada Eufrasia, mwambie azifute. Kama yeye hayupo, waandikie wale wasio watu, upambane nao tena kama ulivyozoea.

Na wakikuuliza kama lile tatizo la kwanza limetatuliwa, bonyeza Ndiyo.

Dada yako,
Mama Feliksi